Jaribio la Mkono wa Pili

Katika karakana ile ya mizani palikuwa na chumba kimoja kisichokuwa na dirisha, na aliyeruhusiwa kukifungua alikuwa mzee mmoja tu. Wafanyakazi walimwita Mzee Sifuri. Hawakumwita hivyo kwa dharau, maana hakuna aliyethubutu, bali kwa ajili ya swali alilouliza kila mzigo ulipoondolewa juu ya mzani: "Imerudi sifuri?" Ikiwa namba kwenye kioo haikurudi sifuri kamili, mzani ule haukutoka mlangoni, hata kama mnunuzi amekwisha kuegesha gari na kufungua buti. Utani wa jina hilo ulimfuata hadi nyumbani. Mkewe alipomtuma dukani naye akasahau kitu, alimpokea mlangoni na kumwuliza kama kichwa nacho kimerudi sifuri.

Mzee huyo alikuwa na mjukuu wa kike, mtoto wa binti yake mkubwa, aliyesomea uhandisi akafuzu, kisha akaja kufanya kazi chini ya babu yake. Alikuwa mrefu, mwenye haraka ya miguu na utulivu wa mikono, na mzee alikuwa akimtazama kwa pembe ya jicho kila alipochora. Moyoni alikuwa amekwisha kata shauri kwamba siku atakayoshindwa kupanda ngazi za karakana, kazi yote ataikabidhi kwa binti huyu. Jambo hilo hakumwambia mtu. Aliona kwamba kumsifu mtoto usoni ni kumharibu, na kumwahidi ni kumharibu maradufu.

Asubuhi moja, wakinywa chai, mjukuu aliweka kikombe chini akasema, "Babu, ile kampuni ya kule mbali wameniandikia tena. Wanataka jibu kabla ya wiki kwisha."

"Wale wa vipimo vya ndege?"

"Hao hao. Nimewaza hivi. Springi yangu ya mzani mpya ikipita jaribio, nitawaambia siendi, nabaki hapa. Isipopita, nitakwenda nikajifunze zaidi. Sitaki kukaa karakana kwa sababu mimi ni mtoto wa nyumbani."

"Hutakaa kwa sababu hiyo," mzee akajibu. "Karakana haina viti vya watoto wa nyumbani."

Bibi alikuwa akipaka siagi kwenye mkate, na hakuinua macho. "Mke mwenzangu, mbembeleze basi huyu mume wetu akupitishe, tusije tukabaki wawili humu tunatazamana kama picha za ukutani."

"Bibi, mume wetu habembelezeki. Jana nimempigia pasi mashati yote, hata asante sikuisikia."

"Kola moja ilikuwa na kunjo," mzee akasema.

Wanawake wale wawili wakacheka. Mzee hakucheka, lakini alichelewa kuinuka mezani kuliko desturi yake, na alipotoka alikuwa amemsikia vema mjukuu wake. Springi ikipita, anabaki. Kwa siku zote zilizofuata, maneno hayo hayakumbanduka.

Springi yenyewe, kwa macho ya mtu wa nje, haikufanana na springi yoyote. Ilikuwa kipande cha alumini chenye urefu wa kiganja, kilichotobolewa katikati kikawa kama fremu ya dirisha dogo, na juu na chini ya tundu hilo mjukuu aliyeitunga alikuwa ameacha ubapa mwembamba. Upande mmoja ulifungwa kwenye chuma kisichosogea, upande wa pili ukabeba kitanda. Uzito ulipokaa kitandani, ubapa ule ulinyumbuka kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, na kitanda kikashuka bila kuinama kulia wala kushoto. Juu ya ubapa zilibandikwa geji, yaani vipande vya plastiki vyembamba kama ganda la kitunguu, vyenye utepe wa metali uliokunjwa kwenda na kurudi mara nyingi. Alumini inyumbukapo, utepe nao huvutika. Uvutikapo, umeme hupita ndani yake kwa shida kidogo zaidi, na shida hiyo ndiyo isomwayo kwenye kioo kuwa uzito.

Kitanda hicho kilikuwa cha watoto njiti. Hospitali ilitaka mzani ambao mtoto analala juu yake mchana kutwa, bila kuinuliwa wala kusumbuliwa, na wauguzi wanasoma kama ameongezeka hata kwa tone la maziwa. Mizani ya karakana ile ilikuwa ya magunia, ya malori na ya vyuma chakavu. Mzee alikuwa amejenga jina lake kwa springi nene ambazo lori lingeweza kuzikanyaga na zisinung'unike. Mjukuu alikuwa ametunga kitu ambacho fundi wa mashine, aliyepewa jina la Kimya kwa kuwa hanyamazi, alikikata akiwa amezuia pumzi.

"Mzee, hiki nikikohoa tu kinapinda," Kimya alilalamika. "Mwambie mhandisi wako aniongezee nyama kidogo. Huu si ubapa, huu ni uvumi."

"Kata kama ulivyochorewa," mzee akamwambia.

Alisema hivyo kwa haki. Hakuwa mtu wa kuingilia mchoro wa mwenzake. Ila palikuwa na kanuni, na kanuni hiyo aliitunga mwenyewe alipokuwa bado na nywele nyeusi: kila springi mpya hupimwa na mkono wa pili. Mtunzi akishajaribu ya kwake na kuridhika, hukatwa nyingine kwa mchoro ule ule, mtu mwingine huibandika geji, huiingiza katika chumba kisicho na dirisha na kuipima. Mtunzi haingii, haulizi, wala hajibiwi mpaka matokeo yasomwe mbele ya wote, na yakishasomwa hayajadiliwi. Mzee aliamini kwamba jicho la mtunzi ni jicho la mzazi. Huona mtoto wake anatembea, kumbe anaanguka. Mjukuu alikulia ndani ya kanuni hiyo. Alipokuwa mdogo alicheza mlangoni pa chumba kile, na aliwaona watu wazima wakisubiri nje kama wanafunzi waliofanya mtihani.

Springi ya pili ilipokatwa, mzee aliipeleka mwenyewe kwa Mama Gundi, mwanamke wa makamo aliyekuwa akibandika geji zote za karakana. Juu ya meza alikuta amekwisha kutandika vifaa vyake: pamba, spiriti, msasa laini, utepe wa kunata, na kijisanduku kidogo.

"Hizi ni geji alizoagiza mtoto," Mama Gundi akasema. "Ameandika kwenye mchoro zitumike hizi."

Mzee alikisoma kile kiandiko. Palikuwa na namba ya aina ya geji na mstari chini yake. Akakifunika kijisanduku. "Zirudishe kabatini. Tumia zetu."

"Ameweka na mstari, Mzee."

"Nimeuona. Tukitumia za kwake tutakuwa tumempima kwa rula aliyojitengenezea. Geji ni geji. Springi nzuri haichagui."

Mama Gundi hakuwa na sababu ya kubisha, kwa kuwa tangu aanze kazi pale hajawahi kubandika aina nyingine. Akausugua ubapa kwa msasa, akaufuta kwa spiriti hata pamba ikatoka nyeupe kama ilivyoingia, akachora msalaba mwembamba, akalaza geji juu yake kwa utepe wa kunata, akaichomoa upande mmoja, akapaka gundi, akailaza tena na kuikandamiza kwa kidole bila kutetereka. Kisha akaibana na kuitia katika tanuri. Kazi yake ilikuwa safi. Kuhusu hilo mzee hakuwa na shaka wakati ule, wala hakuwa nayo baadaye.

Mzee akajifungia na springi ile katika chumba kisicho na dirisha. Akaweka juu ya kitanda jiwe la mizani la shaba lenye uzito wa mtoto njiti, akakaa kwenye kiti chake cha mbao, akatazama kioo. Namba ilikuja sawasawa. Mzee akashusha pumzi, na, kwa kuwa hapakuwa na mtu, akaruhusu uso wake ulainike. Alijiona akitoka nje, akisoma matokeo kwa sauti ile ile kavu, na mjukuu akijifanya hakufurahi.

Baada ya muda tarakimu ya mwisho ikashuka. Akadhani ni mlango uliopitisha upepo. Ikashuka tena. Jiwe lilikuwa palepale, halikupungua hata chembe, lakini mzani ulikuwa ukisema kwamba linakonda. Alikaa hadi chai aliyoingia nayo ikaota utando. Kisha akaliondoa jiwe. Namba ilipita sifuri ikaenda chini yake, ikabaki huko, ikaanza kupanda polepole kama mtu aliyeitwa na hataki kuitika.

Springi ilikuwa inatambaa, kama mafundi waitavyo namba isiyotulia chini ya mzigo. Kwa mzani wa magunia lingekuwa doa la kusuguliwa. Kwa mzani wa njiti ilikuwa ni hatari, kwa maana muuguzi angedhani mtoto anapungua, naye hapungui.

Siku ya pili alirudia jaribio lile lile, na matokeo yakawa yale yale. Ingekuwa springi ya mtu mwingine, mzee angemwita Kimya aupime unene wa ubapa, angemwita fundi umeme akague nyaya, angeketi na kujiuliza kitu gani hasa kinatambaa. Alikuwa amefanya hivyo kwa kila kijana aliyepita mikononi mwake. Kwa springi hii aliona haya. Aliona kwamba kila dakika atakayoiongeza ni dakika ya upendeleo, na kwamba watu watasema anamtafutia mjukuu wake sababu. Akachukua kalamu akaandika: haikupita.

Matokeo yalisomwa karibu na mashine kubwa, watu wakiwa wamesimama na vitambaa vya mafuta mikononi. Mjukuu alisimama mbele. Hakupepesa macho.

"Ilitambaa," mzee akasema.

"Ilitambaa?" Ni wazi hakutarajia neno hilo. Akafikiri kidogo. "Ilitambaa kwenda juu, Babu, au kwenda chini?"

Mzee alikuwa ameshafunga jalada. Mbele ya watu wale wote aliona swali hilo ni mlango mdogo ambao akiufungua kwa huyu, itambidi aufungue kwa kila mtu. "Kanuni unaijua," akajibu. "Matokeo yakishasomwa yameshasomwa. Anayetaka kubisha huleta mchoro mpya."

"Naijua," akasema mjukuu. Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, "Kwangu haikutambaa. Labda nililiona nililotaka kuliona."

"Ndiyo maana pana mkono wa pili," mzee akasema, na safari hii neno hilo, ambalo alikuwa amelisema kwa wengi bila kuumia, lilimuuma.

Kimya, ambaye kwa mara ya kwanza alistahili jina lake, alijifanya anafuta mashine.

Nyumbani Bibi hakumficha mumewe alichokuwa nacho rohoni. Alimngoja mjukuu aingie chumbani kufunga mizigo, akasema, "Umefurahi sasa? Hakuna atakayesema umempa wa nyumbani alama za bure."

"Springi ilitambaa, mama. Ningeipitishaje?"

"Mimi sijui springi. Najua nimekuona ukirudi siku hizo mbili, umekunja uso kama uliyemshika mwizi. Hukuwa kama mtu anayetafuta. Ulikuwa kama mtu aliyekwisha pata."

Mjukuu alitoka na sanduku, akamkumbatia bibi yake, akamwambia, "Nakuachia mume, mke mwenzangu, umtunze, na kola uzinyooshe vizuri." Kwa babu aliinama, akampa mkono. "Umenipima kwa haki, Babu. Ningelikuwa na hasira kama ungenipitisha kwa huruma."

"Kajifunze," mzee akasema. Alikuwa na maneno mengine, na yote yalikuwa yamepanga foleni nyuma ya hilo moja, hakuna lililotoka.

Mjukuu alipokwisha kuondoka, meza yake ya kazi ikabaki kama alivyoiacha, na kwa siku kadhaa hakuna aliyeigusa. Mwishowe mzee akaenda kuifungasha mwenyewe. Springi ya kwanza, ile aliyoibandika na kuijaribu mjukuu kwa mikono yake, ilikuwa bado imefungwa kwenye kishikio. Mzee hakuwa na nia ya kupima chochote. Labda alitaka tu kuona kazi ya mikono ile kwa mara nyingine. Akawasha kioo, akaweka jiwe la shaba, akavuta kiti.

Namba ilikuja, ikakaa. Akaingoja ishuke. Haikushuka. Aligonga kioo kwa ukucha akidhani kimeganda. Akaegemeza kidole kwenye kitanda, namba ikaruka; akaondoa kidole, ikarudi palepale. Karakana ikafungwa kwa mapumziko ya mchana, watu wakatoka, wakarudi, mzee bado ameketi. Alipoliondoa lile jiwe, namba ilirudi sifuri kamili, mara moja, kama mtu mwenye adabu.

Hapo alikwenda kuichukua springi ya pili, akaziweka zote mbili chini ya lenzi. Alumini zilikuwa pacha. Gundi zilikuwa safi. Kisha akatazama geji, kule mwisho ambako utepe hufika na kujikunja kurudi, na akaona. Mikunjo ya geji za karakana ilikuwa mifupi. Ya geji alizoagiza mjukuu ilikuwa mirefu.

Mzee alijua maana yake. Alikuwa amejifunza hayo kabla binti huyo hajazaliwa. Metali ikibebeshwa mzigo huendelea kulegea kidogo kidogo, na namba hutambaa kwenda juu. Gundi na utepe navyo huteleza kidogo kidogo, na namba hutambaa kwenda chini. Mtunzi hodari huchagua urefu wa mikunjo ili madhaifu hayo mawili yafutane. Kwenye springi nene za malori mikunjo mifupi ndiyo sahihi, na yeye mwenyewe ndiye aliyeichagua. Kwenye ubapa mwembamba gundi ina nguvu kubwa zaidi, kwa hiyo mikunjo hutakiwa kuwa mirefu. Alikuwa amechagua mara moja, akachagua vizuri, kisha miaka ikapita akasahau kwamba kulikuwa na kuchagua. Springi na geji ya mjukuu wake vilikuwa kitu kimoja kilichotungwa pamoja, naye alikuwa amekikata nusu kabla ya kukipima.

Na alikuwa ameulizwa. Juu au chini. Kama angejibu "chini", mtoto angejua palepale kwamba geji hazikuwa zake.

Siku hiyo alirudi nyumbani mapema. Bibi, aliyekuwa akichambua mboga, alimtazama mara moja tu akafuta mikono na kuchukua simu, kwa kuwa mzee hakuwa stadi wa vitufe vyake.

"Babu?" Sauti ya mjukuu ilikuja pamoja na vishindo vya vyombo na watu wanaozungumza. "Mnaumwa?"

"Hatuumwi. Uko wapi?"

"Kantini. Tuko kwenye mapumziko."

Mzee alisimama, kama alivyofanya alipokuwa akisoma matokeo. "Springi yako imepita. Ile ya kwanza. Nimeipima mwenyewe. Ile ya pili niliagiza ibandikwe geji zetu."

Vishindo vya vyombo viliendelea. Kisha mjukuu akauliza, "Zile za mikunjo mifupi?"

"Hizo."

"Basi ilitambaa kwenda chini."

"Chini."

"Nilitaka kuuliza," akasema.

"Uliuliza, mjukuu wangu. Mimi ndiye niliyekataa kujibu."

Mjukuu hakulia wala hakulaumu. Ingekuwa rahisi kwa mzee kama angelaumu. Aliuliza tu, "Namba ilikaa? Mpaka mwisho?"

"Ilikaa mpaka mwisho. Nimekaa miaka yangu yote sijaona iliyokaa namna ile." Lilikuwa ndilo neno la kwanza la sifa alilowahi kumpa, na alilitoa kwa simu.

"Nashukuru, Babu. Basi iende hospitali, wale njiti wasisubiri." Akasogea mbali na vishindo vya vyombo. "Kama ningejua wiki ile... Lakini hawa nimeshawapa neno. Nimetia saini, na wamenipangia kazi yangu kabisa."

Bibi alimvuta mumewe mkono wa shati na kumnong'oneza, "Mwambie arudi."

Mzee akasafisha koo. "Huko wanabandikaje? Wanafuta kwa spiriti?"

"Kuna mashine inayofanya yote. Na joto la chumba halibadiliki hata chembe."

"Vizuri. Joto lisibadilike."

"Wananiita, Babu."

"Nenda. Usiwacheleweshe watu."

Simu ikakatika. Bibi akaketi, akashika tama. "Nimekwambia umwambie arudi, unamwuliza spiriti."

"Amewapa neno. Ningemwambia alivunje?"

"Nani kasema alivunje? Ungemwambia kwamba ulimtaka abaki. Hivyo tu. Mpaka leo anadhani kubaki lilikuwa ombi lake yeye peke yake."

Mzee alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kwa namna alivyofikiria mambo yote, akitafuta mahali lilipo na kosa. Hakuliona kosa. Akaichukua simu mezani na kumnyooshea mkewe. "Mpigie tena."

Bibi akabonyeza. Simu iliita, ikaita, watu wawili wale wakiwa wameinamiana juu yake, kisha ikanyamaza yenyewe.

"Mapumziko yamekwisha," mzee akasema. "Yuko kazini." Alitaka kulisema kwa majuto, lakini lilitoka kwa fahari, maana moyoni hakuwa na sauti nyingine aliyoizoea anapomtaja.